Kiungo wa kike huisha akiwa na miaka mingapi? Jibu kwa mama wa Morogoro

SWALI: Binti yangu ana miaka 26 na anacheza kiungo mkabaji. Kocha wake mpya amemwambia waziwazi kwamba mwanamke wa nafasi hiyo akifika miaka 27 hana tena cha kutoa, na kwamba msimu ujao namba yake atapewa msichana wa miaka 18. Jirani yangu anasema Brazil walikuwa na mwanamke aliyecheza kiungo hadi miaka 43. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, aliwezaje, na binti yangu achukue nini kwake? (Mama wa kiungo, Morogoro)

JIBU: Mama, pokea salamu zangu, na umfikishie binti yako pia. Jirani yako hakukudanganya. Mchezaji anayemsema ni Miraildes Maciel Mota, ambaye dunia nzima inamfahamu kwa jina la Formiga, na ambaye aliichezea timu ya taifa ya Brazil kuanzia miaka ya tisini hadi tarehe 25 Novemba 2021, alipoagwa mjini Manaus katika mechi ya kirafiki ambayo Brazil iliifunga India mabao 6 kwa 1. Siku hiyo alikuwa na miaka 43 na miezi minane. Alicheza fainali saba za Kombe la Dunia, kuanzia zile za Sweden mwaka 1995 hadi zile za Ufaransa mwaka 2019, na alicheza Michezo ya Olimpiki saba, kuanzia Atlanta mwaka 1996, ambako soka la wanawake lilichezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, hadi Tokyo mwaka 2021. Tangu soka la wanawake liingizwe kwenye Olimpiki hadi hapo, hakuna mashindano hata mara moja ambayo yeye hakuwamo.

Swali lako la pili ndilo zito, kwa sababu mtu anaweza kusema kwamba Formiga aliumbwa tofauti na wengine, akalimaliza jambo hapo. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Nimezitazama mechi zake nyingi, za ujanani na za utu uzimani, na ninachokiona ni mchezaji ambaye kazi yake uwanjani ilikuwa ya aina inayoruhusu kudumu, na ambaye kila mwili ulipobadilika aliibadilisha na kazi yenyewe. Mwili wenye afya alikuwa nao, hilo sikatai, lakini wapo wengi waliokuwa na miili mizuri kuliko wake na walitundika daluga kabla ya kufika 30.

Nianze na alikotoka, kwa kuwa bila hapo mengine hayataeleweka. Formiga alizaliwa tarehe 3 Machi 1978 mjini Salvador, katika jimbo la Bahia. Wakati huo nchini Brazil mwanamke kucheza soka lilikuwa jambo lililokatazwa na sheria: amri ya serikali ya Getúlio Vargas ya mwaka 1941 iliwazuia wanawake kushiriki michezo ambayo wakubwa walidai hailingani na maumbile yao, na mwaka 1965 kanuni iliyofuata ikalitaja soka kwa jina. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1979, Formiga akiwa na umri wa mwaka mmoja. Kuondolewa kwa sheria, kama tunavyojua sisi sote, si kuondolewa kwa mawazo ya watu. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi kaka zake walivyokuwa wakimpiga kwa sababu ya kucheza mpira mtaani na wavulana, na jinsi mama yake alivyomwacha acheze. Kwa hiyo, mama, unapouliza kama binti yako aendelee, ujue kwamba hata kwake mtu wa kwanza kumpa ruhusa alikuwa mama.

Jina la Formiga lina maana ya mdudu mdogo yule tumwitaye sisimizi au chungu, na alipewa akiwa bado kijana kwa sababu ya namna alivyocheza kwa ajili ya wenzake, akihangaika huku na huko pasipo kutaka sifa. Kwa Kiswahili mimi ningependa kumwita siafu, kwa kuwa sisimizi hamzuii mtu kupita, na kumpita huyu kulikuwa na gharama; lakini hilo ni pendekezo langu tu.

Alipoitwa kwenda Kombe la Dunia la mwaka 1995 alikuwa na miaka 17. Katika miaka ile aliyekuwa akiuongoza mchezo wa Brazil ni Sissi, kiungo mshambuliaji wa mguu wa kushoto ambaye kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1999 alifunga mabao saba, akalingana na Sun Wen wa China kwa ufungaji bora, na Brazil ikatwaa nafasi ya tatu. Kazi ya Formiga kando yake ilikuwa kukimbia. Alishuka hadi kwenye kisanduku chake kukaba, akapanda hadi kwenye kisanduku cha wapinzani kumalizia, akarudi tena. Yaani alicheza kama namba nane wa kweli, mwenye pafu la kwenda na kurudi dakika zote 90. Kama angeendelea kucheza hivyo hivyo bila kubadilika, nadhani maneno ya kocha wa binti yako yangemfikia akiwa na miaka 30, na yangekuwa na ukweli ndani yake.

Kilichotokea ni tofauti. Kadiri miaka ilivyosogea, na kadiri Brazil ilivyopata washambuliaji wa kuogopwa kama Marta na Cristiane, Formiga alishuka taratibu akawa anakaa mbele ya mabeki. Kwa mtazamaji wa mbali ilionekana kama amepunguziwa kazi, lakini ukweli ni kwamba alipewa kazi ngumu zaidi kwa kichwa na nafuu kidogo kwa miguu. Timu ambayo Marta anaruhusiwa kuzunguka anakotaka ni timu inayoacha matundu nyuma yake, na mtu lazima ayaone matundu hayo kabla mpinzani hajayaona. Brazil ilifika fainali ya Olimpiki mwaka 2004 mjini Athens na mwaka 2008 mjini Beijing, mara zote mbili ikafungwa na Marekani katika muda wa nyongeza. Ilifika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2007 mjini Shanghai, ikafungwa na Ujerumani mabao 2 kwa 0. Katika fainali zote tatu Formiga alikuwa sehemu ya safu ya kiungo.

Hapa ndipo ninapotaka usimame kidogo na kumsomea binti yako taratibu. Katika soka la wanawake la kiwango cha juu mchezaji asiye kipa hukimbia takriban kilomita 10 kwa mechi, na viungo wa kati mara nyingi huzidi hapo. Ukiishia kwenye takwimu hiyo utadhani kwamba kiungo ndiye wa kwanza kuchakaa. Lakini umri hauanzi kwa kuondoa uwezo wa kukimbia mwendo wa wastani kwa muda mrefu. Kinachotangulia kupungua ni kasi ya juu kabisa, ile ya kuchomoka mita 20 au 30, pamoja na upesi wa mwili kupona baada ya kuchomoka huko. Na mbio za namna hiyo hutumiwa zaidi na mawinga, mabeki wa pembeni na washambuliaji. Kiungo anayekaa mbele ya mabeki mbio zake nyingi ni fupi, za kwenda hatua tano kuziba njia ya pasi, za kurudi hatua nne kumfuata mtu anayejificha mgongoni. Mbio za namna hiyo huamuliwa na wakati wa kuanza kuliko kasi ya miguu, na wakati wa kuanza huamuliwa na macho. Mchezaji wa miaka 34 anayeanza nusu sekunde mapema ataufikia mpira kabla ya msichana wa miaka 18 anayeanza akiwa amechelewa, na hilo naliona karibu kila wiki mazoezini.

Mfano wangu ninaoupenda ni wa tarehe 9 Juni 2015 mjini Montreal, Brazil ikicheza na Korea Kusini. Beki wa Korea alirudisha pasi dhaifu kuelekea kwa kipa wake. Formiga aliisoma pasi ile, akaufikia mpira na kufunga. Alikuwa na miaka 37 na siku 98, na kwa bao hilo akawa mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko wote kufunga katika Kombe la Dunia. Watu waliandika sana kuhusu umri, lakini nadhani walipaswa kuandika kuhusu kusoma mchezo, kwa sababu hakuna mbio za ajabu katika bao lile. Kuna mtu aliyekuwa tayari mahali ambapo kosa lingetokea.

Wala si yeye peke yake. Homare Sawa wa Japani, aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1978, alikuwa kiungo mshambuliaji kwa miaka mingi hadi kocha Norio Sasaki alipomrudisha nyuma kucheza kiungo mkabaji. Wapo waliodhani ndiyo safari ya kustaafu. Mwaka 2011, akiwa na miaka 32, Sawa aliiongoza Japani kutwaa Kombe la Dunia, akasawazisha katika dakika ya 117 ya fainali dhidi ya Marekani, akawa mfungaji bora kwa mabao matano na mchezaji bora wa mashindano. Alirudi kwenye mashindano hayo tena mwaka 2015, yakiwa ya sita kwake. Ukimweka Sawa mbele ya kocha wa binti yako, ile miaka 27 inakosa pa kushika.

Sasa nikutahadharishe, kwa kuwa nisingependa uchukue jibu langu kama hadithi ya kuliwaza. Umri ulimfikia Formiga, na ulionekana. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka 2019, akiwa na miaka 41, alipata kadi za njano katika mechi mbili za kwanza, dhidi ya Jamaica na Australia, akaikosa ya tatu dhidi ya Italia. Kadi za kiungo mkongwe mara nyingi zina maana moja: jicho limeona, mguu umechelewa, mkono au bega likamalizia kazi. Dhidi ya Australia alitolewa wakati wa mapumziko, Brazil ikiwa mbele, na mwisho wa mechi ikafungwa mabao 3 kwa 2. Unaweza kuisoma mechi hiyo kwa namna mbili, kwamba alikuwa amechoka na kwamba bila yeye safu ya kiungo ilifunguka, na kusema kweli zote mbili zinaonekana kwangu kuwa sawa. Tarehe 23 Juni, dhidi ya Ufaransa mjini Le Havre, alicheza akiwa na miaka 41 na siku 112, umri ambao hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuufikia katika fainali hizo.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomsifia hawapendi kulitaja. Formiga aliwahi kuiaga timu ya taifa mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya Olimpiki ya Rio, ambako Brazil ilitolewa na Sweden kwa penalti katika nusu fainali pale Maracanã. Mwaka 2018 kocha Vadão alimwomba arudi, naye akarudi. Taifa lenye watu zaidi ya milioni 200 na mapenzi ya soka yasiyo na kipimo linapolazimika kumrudisha kiungo wa miaka 40, sehemu ya sifa ni yake, na sehemu ya lawama ni ya walioacha miaka ikapita bila ligi imara, bila timu za vijana wa kike, bila kumwandaa mrithi. Wachezaji wenyewe walikuwa wameshalisema hilo mapema: baada ya fainali ya mwaka 2007 walikunjua bango lililowaambia Wabrazili kwamba wanahitaji msaada. Mwaka 2015 ndipo shirikisho la soka la nchi hiyo lilipoanzisha kikosi cha kudumu cha wanawake chenye malipo, na mwezi Septemba 2020 ndipo lilipotangaza kwamba posho za timu ya taifa zitalingana kwa wanawake na wanaume. Formiga wakati huo alikuwa na miaka 42.

Kwa sababu ya hali hiyo maisha yake ya klabu yalikuwa ya kuhamahama. Alicheza Brazil, akaenda Sweden kwa Malmö, akaenda Marekani katika ligi ambazo zilifunguliwa na kufungwa mtu hata hajazoea mji, akarudi Brazil na kutwaa Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, akiwa na São José mwaka 2011, 2013 na 2014. Sitaki kuichambua kila klabu, kwa kuwa nyingine alipita tu. Ninayotaka uitazame ni moja, Paris Saint-Germain, iliyomsajili Januari 2017 akiwa na miaka 38. Angalia umri huo tena, mama. Klabu tajiri ya Ulaya ilimpa mkataba kiungo wa miaka 38, na mwaka huohuo akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake mjini Cardiff, ambayo Lyon ilishinda kwa penalti. Alikaa Paris hadi mwaka 2021, na msimu wake wa mwisho PSG ilitwaa ubingwa wa Ufaransa, ikivunja mfululizo wa Lyon wa mataji 14. Baada ya hapo alirudi nyumbani Brazil, katika klabu ya São Paulo.

Je, PSG walikuwa wakinunua nini? Hawakununua kasi, hilo ni wazi. Walimhitaji mtu wa kuwapanga wasichana wa miaka 20 wanaopanda wote kwa pamoja wakisahau nyuma, mtu wa kuutuliza mpira unapokuwa wa moto, na mtu ambaye mazoezini angeonyesha kwa vitendo jinsi ya kujitunza. Makocha wengi wa kwetu hawana jina la kazi hiyo, kwa hiyo hawaioni. Wanachokiona ni nani amemaliza wa kwanza katika kuzunguka uwanja.

Kuhusu mwili wa binti yako, nitasema machache ambayo yana uhakika. Jambo linalowamaliza mapema viungo wengi wa kike ni majeraha yasiyotibiwa vizuri, hasa ya goti, kwa kuwa wanawake huchanika kano ya mbele ya goti mara kadhaa zaidi kuliko wanaume katika mchezo huuhuu. Yapo mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 yaliyosambazwa na FIFA, ya kuruka na kutua kwa goti lililokunjwa kidogo, lisiloangukia ndani bali likielekea upande wa vidole vya mguu, ya kusimama kwa mguu mmoja, ya kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, na yakifanywa mara mbili au tatu kwa wiki hupunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Hayahitaji vifaa. Jambo la pili ni chakula: wasichana wengi hufanya mazoezi ya jioni wakiwa wamekunywa chai asubuhi na kula kidogo mchana, na mwili usiolishwa hukatisha hedhi, hudhoofisha mifupa na huchelewa kupona. Hedhi ya binti yako ikipotea kwa miezi mitatu, asiifurahie kama nafuu, amwone daktari. Akijisikia kuchoka kupita kawaida, apimwe damu kwanza kabla ya kuambiwa kwamba amezeeka.

Na kuhusu kocha, namshauri binti asiende kwake na jina la Formiga, kwa sababu kocha atajibu, na atakuwa na haki, kwamba Formiga ni mmoja. Aende na mechi zake mwenyewe. Atafute mtu wa kumrekodi kwa simu kutoka mahali pa juu, mechi tatu tu, kisha akae na kuhesabu: ni mara ngapi aligeuza shingo kutazama nyuma yake kabla ya kupokea mpira, ni mara ngapi alipora mpira akiwa amesimama mahali sahihi na mara ngapi kwa kuteleza chini, ni pasi ngapi za kwanza alizitoa mbele na ngapi alizirudisha kwa mabeki kwa hofu, na katika dakika 20 za mwisho alikuwa umbali gani kutoka kwa mabeki wake. Kiungo anayeteleza chini mara nyingi, hata awe na miaka 20, ana tatizo la kusoma mchezo. Kiungo wa miaka 26 anayepora akiwa amesimama hajafika hata nusu ya safari yake. Formiga katika umri huo ndio kwanza alikuwa amevaa medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ile ya fedha ya Athens.

Kuna uwezekano pia kwamba hesabu hizo zitaonyesha kocha ana hoja, si ya umri bali ya uchezaji, na hapo binti yako atakuwa amepata kitu cha kufanyia kazi kabla msimu haujaanza. Asiogope kukiona. Na msichana huyo wa miaka 18 asimwone adui. Katika kikosi cha Brazil kilichokwenda Tokyo, Formiga alikuwa pamoja na kiungo Angelina, aliyezaliwa mwaka 2000, wakati Formiga alikuwa tayari na Kombe la Dunia mbili na Olimpiki moja nyuma yake, na mazoezi waliyafanya pamoja. Kama binti yako akizipata video hizo na akapenda, anitumie pamoja na hesabu aliyoifanya mwenyewe kwanza, akiandika na dakika za matukio, nami nitazitazama zote tatu kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa.